Mshipa Usioachiwa Pindo

Mimi ni fundi wa cherehani. Shule nilifika darasa la nne, na yaliyobaki nilifunzwa na sindano. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nitaeleza mambo ya moyo kama daktari. Nitaeleza vile nilivyoyaelewa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Miaka ya tisini cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa kwenye veranda ya duka moja Kitengela, upande wa barabara ya Namanga. Kitengela haikuwa hii ya ghorofa. Asubuhi uliweza kukuta pundamilia wamesimama mahali ambapo leo watu wanapanga foleni ya benki, na vumbi likiamka liliingia hadi ndani ya bobini. Nilishona sare za shule. Kila Januari watoto walikuja na mama zao nikawapima mmoja mmoja, bila kucheka nao sana, maana mtoto ukicheka naye anajipinda na kipimo kinaharibika.

Kitu kimoja kila mtu alikijua kunihusu ni kwamba nguo yangu ilikuwa na nafasi. Sketi niliiachia pindo la vidole vinne. Mkono wa shati niliukunja ndani mara mbili. Kiunoni niliacha kitambaa pande zote mbili. Mama akinung'unika kwamba mtoto wake anaonekana amevaa gunia, nilimwambia, "Mama, hii sishonei leo. Nashonea darasa la tano." Na mwaka uliofuata aliniletea sketi ileile, nikafungua pindo, mtoto akaenda shule. Fundi aliyekata kitambaa bila kuacha kitu nilimwona mtu asiyefikiri. Kumbana mtoto na nguo nilikuona karibu na dhambi.

Mzee wangu ni Mmaasai wa Kisaju. Mimi ni Mkamba, wazazi wangu walihamia Athi River kutafuta kazi nikiwa mdogo. Tulioana kanisani, tukajenga kwake, tukapata watoto wanne. Wa mwisho ni msichana. Aliniita yeyo, yaani mama kwa lugha ya baba yake, hata alipokuwa ananijibu vibaya.

Huyo msichana alirefuka. Akiwa na miaka kumi alinifika begani, akiwa na kumi na tatu alinipita. Mikono yake mirefu, vidole virefu, uso mwembamba, shingo kama ya twiga mdogo. Watu wa boma walifurahi. Shangazi yake, dada ya mzee, aliniambia mbele ya wageni kwamba angalau mmoja wa watoto wangu amekataa kuwa Mkamba. Nilimjibu kwamba huyo Mmaasai wake amelelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe ya Mkamba, ndiyo maana amesimama hivyo. Tukacheka wote. Hakuna aliyewaza vingine. Hapa kwetu mtoto mrefu mwembamba anasifiwa, hapelekwi hospitali.

Lakini mimi nilikuwa na ushahidi mkononi, na hapo ndipo nilipokosea. Vielelezo vyangu vya kukatia nguo nilivikata kwa karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, na vya mtoto wangu sikuvitupa, nilivitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mwaka juu ya mwaka. Shati lake lilinisumbua kila Januari. Kifua kilikuwa cha mtoto wa darasa la sita, na mikono ya mtu mzima. Nikimwambia anyooshe mikono pande zote mbili kama mtu anayefukuza mbuzi, futi yangu ya kupimia, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ilipita urefu wake wa kutoka kisigino hadi utosi. Nilipima mamia ya watoto Kitengela, wengi wao Wamaasai, na hao wengine mikono na urefu vilikaribiana. Huyu hapana. Nilijua. Nikaongeza kitambaa mkononi, nikanyamaza.

Halafu nikamwonea. Alipofika kidato cha pili alianza kupumzika njiani akibeba mtungi wa maji. Anaweka mtungi chini, anashika kiuno, anapumua. Nilimwita mvivu. Nilimwambia wasichana wa Kisaju wanaenda mbali zaidi na mtungi mkubwa zaidi na hawashiki kiuno. Akaniambia moyo wake unagonga. Nikamwambia hata wangu unagonga, ndiyo kazi ya moyo. Maneno hayo sijayasahau na sitaki kuyasahau.

Aliyemwona kwanza alikuwa daktari wa macho. Mtoto alikuwa amemaliza shule na kuingia chuo cha ualimu, na macho yalikuwa yanamsumbua, hivyo mzee akampeleka kliniki Kajiado. Daktari huyo alimpima macho, kisha akaacha macho akaangalia vidole. Alimwambia akunje ngumi, dole gumba likiwa ndani. Kidole kikatokeza upande wa pili. Alimwambia ashike kifundo cha mkono wake kwa mkono mwingine, na vidole vikapandana. Halafu akamuuliza mzee kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla akiwa kijana. Mzee akafikiri, akasema ndugu yake mmoja, aliyekuwa mrefu kupita wote, alianguka akichunga ng'ombe, na watu walisema ni jua. Daktari wa macho akaandika barua ya kwenda kwa daktari wa moyo, Nairobi. Alisema waende wiki hiyohiyo.

Daktari huyo simjui jina wala sura. Namshukuru kuliko watu wengi ninaowajua jina na sura.

Nairobi walimpiga picha ya moyo, ile ya kupakwa mafuta baridi kifuani. Tukaambiwa mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni umepanuka pale kwenye shina lake, mahali unapoanzia. Nyama inayoshikilia mwili wake imezaliwa ikiwa laini, ndiyo maana mifupa imerefuka na macho yamelegea. Pale penye shina pana vali, mlango wa damu, na kwa kuwa shina limepanuka mlango haufungi vizuri, damu nyingine inarudi nyuma. Shina likiendelea kupanuka linaweza kupasuka. Hakukuwa na dawa ya kulirudisha. Lilitakiwa kukatwa na kuwekwa jingine la kitambaa.

Lile neno kitambaa ndilo lililonifanya niinue kichwa.

Tulirudi nyumbani tusubiri kuitwa. Wazee wa kanisa wakaja kutuombea na mzee akachinja mbuzi. Mtoto alikuwa amekaa kando, ana karatasi ya hospitali yenye mchoro ambao hakuuelewa. Mzee wangu si mtu wa maneno. Alipopasua mbuzi alitoa moyo akauweka kwenye sinia, akamwita.

Alimwambia, "Njoo uone kile kinakusumbua."

Wanaume wa Kimaasai wanaujua mwili wa mnyama kama mimi ninavyojua koti. Mzee aliukata ule mshipa mkubwa juu kidogo ya moyo, akausafisha damu, akaushika wima kama kikombe. Ndani palikuwa na vipande vitatu vyembamba, vyeupe, kama ngozi ya ndani ya kitunguu, vimekaa kama mifuko mitatu midogo ya shati iliyotazamana. Akachukua kata akamimina maji. Vile vipande vikajaa, vikakutana katikati, vikafunga. Maji yakasimama mle ndani ya mshipa. Yalishuka polepole tu, yakipenya vitundu viwili vya pembeni. Mzee akasema hivyo vitundu ni njia ya moyo kujinywesha wenyewe. Kisha akaingiza vidole viwili kwenye mshipa akauvuta kwa pande, akautanua. Akamimina tena. Vile vipande havikufika kukutana, na maji yakaanguka ndani ya moyo.

Mtoto akaangalia sana. Akauliza, "Kwa hivyo mlango wangu haujaharibika?"

Baba yake akamwambia mlango hauna makosa. Ukuta ndio umeuacha.

Basi hapo ndipo mtoto alipoamua jambo, na akaliamua kabla ya madaktari kulisema: hataki mlango wake utolewe. Mimi nilidhani ni ukaidi. Baadaye nikajua sababu.

Tulipoitwa hospitalini tulikuta madaktari wawili wa upasuaji. Mmoja alikuwa mzee wa mvi, mtulivu, ambaye watu walisema ameshafungua vifua vingi. Mwingine alikuwa mwanamke kijana, amerudi kutoka masomoni ng'ambo, anavaa viatu vya raba na kuongea haraka. Walitukalisha sisi watatu wakatueleza kuna njia tatu.

Ya kwanza, ya kawaida, ni kutoa shina pamoja na vali, na kuweka bomba la kitambaa lenye vali ya chuma ndani yake. Hiyo vali haichoki. Lakini damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hivyo mtu anakunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi maisha yake yote, na kupimwa damu kila mara, na hiyo dawa na mimba havipatani. Mtoto aliposikia hilo la mwisho alitazama chini. Alikuwa na miaka ishirini. Kulikuwa na kijana mwalimu ambaye mimi nilijifanya simjui.

Nikaelewa ukaidi wake: hilo alikuwa ameshadokezwa na muuguzi siku ya kupigwa picha.

Njia mbili zilizobaki zote zilikuwa za kuacha vali yake mwenyewe na kubadilisha ukuta tu. Hapo ndipo madaktari wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Daktari mzee alishona kwa namna yake na daktari wa kike kwa namna yake, na hawakuficha.

Daktari wa kike akatoa kwenye droo kipande cha lile bomba akanipa nishike, kwa sababu mtoto alikuwa amemwambia mimi ni fundi. Nikakigeuza. Kilikuwa kitambaa cheupe, kigumu kidogo kama cha kola, kimetiwa marinda madogo madogo kuzunguka chote. Nikakivuta, marinda yakafunguka, kikarefuka. Moyo wangu ukatulia. Nikajiambia, hawa ni watu wa akili, wameacha nafasi.

Alikuwa na vipande vya ukubwa tofauti. Nikachukua kile kikubwa nikamrudishia.

"Daktari, mshonee hiki. Bado mtoto. Achia nafasi."

Akaniambia kwa upole, "Mama, nafasi ndiyo ugonjwa wake."

Sikumwelewa. Nikamweleza kazi yangu, kwamba mtoto wa miaka ishirini bado anajaa, atazaa, mwili utaongezeka, na kwamba nguo ya kubana hupasuka kwenye mshono. Nilisema kwa sauti ya veranda, ile ninayotumia kwa mama anayetaka sketi fupi. Daktari mzee alisikiliza bila kunikatiza. Daktari wa kike akanieleza kwamba marinda yale ni ya bomba kujipinda bila kukunjika, si ya kuongeza upana. Upana haupaswi kuongezeka. Vile vipande vitatu vya vali vina ukubwa wake, na ukuta ukiwa mpana kuvizidi havitakutana, damu itarudi vilevile. Mshipa wa mtoto umekuwa ukijiachia nafasi miaka ishirini, na hiyo ndiyo imemleta hapa.

Bado nilikuwa nafungua mdomo. Mtoto akaweka mkono wake mrefu juu ya goti langu.

"Yeyo, wacha kunishonea darasa la tano."

Mzee wangu akacheka. Alikuwa hajacheka mwezi mzima. Daktari mzee akauliza ni nini, akaelezwa, naye akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilirudisha kile kipande kikubwa mezani.

Sasa zile njia mbili. Nitazieleza kama nilivyoziona, maana baada ya kunyamazishwa niliangalia vizuri.

Daktari mzee alichukua makasi na kile kipande, akakata mdomo wake kuwa ndimi tatu, kama mtu anayekata kola yenye ncha. Katika njia yake, ukuta uliopanuka unatolewa wote, unabaki ukingo mwembamba tu juu ya vali, uliopanda na kushuka mara tatu. Zile ndimi zinashonwa juu ya ule ukingo, mshono mmoja unaozunguka. Kitambaa kikijaa damu kinavimba kidogo kati ya ndimi, kama mshipa wenyewe ulivyoumbwa, na vali inacheza kwa ulaini bila kugonga kitu. Kazi ni fupi. Na moyo ukiwa umesimamishwa, ufupi wa kazi si jambo dogo.

Daktari wa kike hakukata ndimi. Alisokota kitambaa cha leso kuwa vali na kukitia ndani ya bomba zima, kama mtu anayevisha nguo juu ya nguo. Katika njia yake, bomba linashushwa mpaka chini ya vali na kushonwa pale kwenye kitako. Halafu vali inavutwa juu ndani ya bomba na kushonwa mara ya pili, kwa ndani, kufuata ule ukingo. Mishono ni mara mbili na kazi ni ndefu zaidi. Na kwa kuwa bomba limenyooka, daktari lazima awe makini vipande vya vali visiwe vinagonga kitambaa kila vinapofunguka. Lakini kitako chote kimefungwa, kama kiuno kilichovaa mshipi.

Njia zote mbili, vile vitundu viwili vya kunywesha moyo vinakatwa na kipande kidogo cha ukuta kikiwa kimevizunguka, kisha vinashonwa kwenye matundu ya bomba. Walisema wao wenyewe wanaviita vifungo. Hilo lilinipendeza.

Waliponiuliza kama nimeelewa, nilisema nimeelewa na nataka njia ya daktari mzee. Nilitoa sababu zangu. Mshono mmoja ni bora kuliko miwili, kwa sababu kila tundu la sindano linapunguza kitambaa. Na kazi fupi ni bora kuliko ndefu. Sababu ya tatu sikuisema, lakini iliyokuwa ndani yangu ni kwamba alikuwa na mvi.

Mtoto ndiye aliyeuliza. Alikuwa anasomea ualimu na aliuliza kama mwalimu, akimtazama daktari mzee.

"Kwa mtu mwenye mwili kama wangu, ni gani itafunguka tena?"

Daktari mzee alichukua bomba lake la ndimi tatu akaliweka juu ya ngumi yake, akaangalia pale chini ambapo hapakuwa na kitu kimeshikilia. Akasema mgonjwa ambaye mwili wake umekaza angemshonea yake bila wasiwasi na angelala vizuri. Lakini huyu kitako chake kimeumbwa kwa nyama ileile laini, na njia yake inakiacha wazi. Kinaweza kupanuka polepole, na baada ya miaka vali ikaachana tena.

Akamgeukia mwenzake. "Huyu ni wako. Mimi nitasimama upande wa pili wa meza."

Nimekaa na mafundi wengi maishani. Sijawahi kumwona fundi mkubwa akimwachia fundi mdogo kitambaa mbele ya mteja. Wengi tungeharibu kwanza. Ndiyo maana nikimkumbuka daktari yule mzee huwa nasimamisha cherehani kidogo.

Lilibaki jambo moja gumu. Mtoto alitakiwa kutia sahihi kwamba wakifika ndani wakakuta vali haishiki, wataitoa na kuweka ya chuma. Daktari wa kike alisema hatamdanganya: wanajua tu wakishafika. Mtoto alishika kalamu bila kuandika. Kwenye kitanda cha pili katika wodi aliyolazwa mtoto palikuwa na mama wa makamo aliyeshonewa vali ya chuma miaka iliyopita, amelazwa kwa jambo lingine. Ukikaa karibu naye palipotulia ulisikia kifua chake, tiki, tiki. Alimwona mtoto na ile karatasi akamwambia asiogope, hiyo ndiyo saa yake, inamwambia bado yuko. Akaongeza kwamba hata akitaka kujificha mumewe asimwone hawezi, maana anasikika. Mtoto akacheka, akatia sahihi. Yule mama hakuwa na haja ya kutusaidia, na alitusaidia.

Siku yenyewe walimchukua asubuhi. Mzee alisimama ameegemea fimbo yake kwenye ukuta wa korido, mguu mmoja umekunjwa juu ya mwingine kama anachunga, akakataa kiti. Mimi nilikuwa nimebeba kapu la sare za watu za kufunguliwa mapindo, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Nilifungua mapindo kwa saa nyingi. Kila uzi niliokata nilijiambia mle ndani kuna mwingine anashona. Sikuomba kwa maneno mengi. Nilisema tu, Mungu, ashone pole pole.

Ilikuwa alasiri daktari wa kike alipotoka, kofia ya kijani bado kichwani, uso una alama ya barakoa. Daktari mzee alikuwa nyuma yake hatua mbili, kama alivyoahidi. Nilisimama, mapindo yakaanguka sakafuni.

Mzee wangu ndiye aliyeuliza, neno moja. "Maji?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini daktari alimwelewa, maana mtoto alikuwa amemsimulia habari za yule mbuzi. Akamwambia, "Tulimimina mara ya kwanza yakapita. Kipande kimoja kilikuwa kinalala chini. Nikakikaza kwa mishono miwili midogo, tukamimina tena. Yamesimama, mzee."

Mzee wangu akashusha mguu. Akasema ashe oleng, ashe oleng, kwa Kimaa, asante sana, akamshika mkono yule msichana wa viatu vya raba kwa mikono yake miwili na hakuuachilia kwa muda. Gharama sitazitaja hapa. Walioleta wanajua walicholeta, na ng'ombe waliouzwa Kajiado walikuwa wanajulikana kwa rangi zao, na mzee hajawahi kuwataja tangu siku hiyo.

Alipoletwa wodini nilikaa karibu, nikaweka sikio kifuani mwake upande usio na bandeji, nikihofia kusikia tiki. Palikuwa pametulia. Moyo wake ulisikika kama moyo wa mtu yeyote, ndani, mbali kidogo. Nilimwomba msamaha kwa ule mtungi wa maji. Alikuwa bado na usingizi wa dawa. Akasema nisimkalie kifuani.

Yapo mambo yaliyofuata ambayo hayakuwa rahisi. Alikohoa kwa maumivu, akashika mto kifuani wiki nyingi, na kila mwaka picha ya moyo. Hata hivyo, aliolewa na yule mwalimu niliyejifanya simjui. Kabla ya mimba alirudi kwa madaktari akauliza, wakapima, wakamwambia ajaribu, na walimfuata kila mwezi mpaka akajifungua. Wakati wa mimba ya kwanza nilikuwa nimechoka kuliko yeye. Alizaa wasichana wawili. Daktari mzee alikuwa ameshastaafu mtoto wa pili alipozaliwa. Tulimtumia habari, naye akajibu kwamba amefurahi kuona ule mshipi bado umefunga.

Madaktari walikuwa wametuambia ugonjwa huu unaweza kwenda kwa watoto. Kwa hiyo wajukuu walipoanza kusimama vizuri nikachukua futi. Kila Januari nawaweka kwenye ukuta, nachora kwa chaki kutoka kisigino hadi utosi, halafu nawaambia wanyooshe mikono kama wanafukuza mbuzi. Wa kwanza, mikono na urefu viko sawa. Wa pili alipofika miaka mitano, mikono ilizidi. Nilipima mara tatu. Safari hii sikuongeza kitambaa nikanyamaza. Nilivua miwani, nikamwita mama yake jikoni nikamwonyesha futi, na Jumatatu tulikuwa hospitalini.

Anao. Shina la mshipa wake limepanuka kidogo tu, halijafika pa kushonwa. Anakunywa dawa ya kutuliza nguvu ya moyo, habebi vitu vizito, na kila mwaka anapigwa picha. Mama yake alilia njiani kurudi. Nikamwambia ugonjwa wako tuliujua ukiwa na miaka ishirini, wa huyu tumeujua akiwa na mitano, na wewe mwenyewe unaendesha gari sasa hivi. Akafuta macho akaangalia barabara.

Sare za wajukuu bado nashona mimi. Ya yule mkubwa ina pindo la vidole vinne, kama kawaida. Ya mdogo haina hata kidole kimoja. Mikono inaishia kwenye kifundo, kiuno kimekaa mahali pake. Jirani mmoja wa Kisaju aliniuliza kama nimezeeka nimesahau kazi, maana mtoto atapita hiyo nguo kabla mwaka haujaisha. Nilimwambia najua. Nataka aipite. Akiipita lazima aletwe kwangu, nami nitamsimamisha ukutani nimpime tena.